Tuzo ya Walukuba

Mimi ndiye ninayechonga majina. Msumari wa baba,
nyundo ya fundi saa, kitambaa kilicholowa
shaba isiteleze. Kazi ya usiku mmoja kwa mwaka,
na ujira wake soda mbili na kiti cha mstari wa nyuma.

Kikombe chenyewe si kikombe. Ni mdomo wa saksafoni
iliyotupwa na bendi ya jeshi, umepasuka ubavuni;
baba aliuziba kwa lehemu kwenye karakana ya reli
akausimamisha juu ya gurudumu la cherehani.
Sheria aliandika Bwana Furtado, Mgoa wa duka la santuri,
kwa wino wa zambarau, nyuma ya risiti:
Albamu ya jazi. Vyombo pekee. Asiimbe mtu.

Sitini na nne ililetwa santuri moja tu.
Ikashindana na nafsi yake, ikashinda kwa taabu,
majaji wawili kwa mmoja.

Sitini na saba ndipo ugomvi.
Rajab Farajallah, Mnubi wa Bombo, mpiga ngoma,
kwenye kipande cha tatu alijisahau
akaguna: aa!
Je, "aa" ni neno?
Walibishana mpaka king'ora cha kiwanda cha nguo
kikawaita wa zamu ya alfajiri.
Batambuze, mwalimu wa sarufi, akakata shauri:
kihisishi ni neno, na neno ni neno.
Tuzo ikaenda kwa watu ambao majina yao
nayapapasa kwa kidole, sauti zao sijapata kuzisikia.
Ile "aa" ya Rajab wazee wa Jinja
wanaiguna mpaka leo wakiinua gunia.

Sitini na tisa, albamu iliyorekodiwa karibu na bwawa:
mashine za umeme zinavuma chini ya kila kipande,
sauti moja, haipumui.
Furtado aliuliza kama nazo zilipwe.

Kisha Furtado akapewa siku tisini kama wenzake.
Alimwachia baba daftari, kikombe, na neno hili:
Usimwandike ambaye hajapiga.

Basi kila Desemba baba aliketi na msumari,
akashuka upana wa kidole kimoja, asichonge kitu,
akainuka akanawa mikono kama aliyefanya kazi.
Miaka kumi na sita.
Kati ya Desemba na Desemba mama alipimia maharagwe.
Askari waliingia siku moja, mmoja akakigonga kwa kucha:
"Hiki nini?"
"Kipimo."
Wakabeba maharagwe, wakakiacha.

Themanini na nane zikaja kanda,
na Alimocan na tarumbeta yake iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli.
Jina lake nililichonga mimi. Baba alishika taa,
macho yake tayari yalikuwa yamekwenda.
Baadaye sahani zinazong'aa. Baadaye hata sahani hakuna:
mwaka juzi mshindi alitumwa kwa simu,
nikatafuta pa kumshika.

Juzi kijana wa kampuni inayolipia ukumbi
aliweka kidole chake safi katikati ya kikombe.
"Hapa pana nafasi. Nembo yetu itakaa vizuri."
Nikamwambia hapana nafasi hapo.
Akacheka, maana aliiona kwa macho yake:
shaba tupu, kiganja kizima.
Nikamwambia tena.
Nadhani ukumbi mwakani tutalipia wenyewe.

Usiku huu nachonga Kisambira na wenzake watatu,
vinubi viwili, besi, na ngoma ya ngozi ya kenge.
Harufu ya sukari inapanda kutoka Kakira.
Kwenye herufi ya pili msumari umeteleza,
umenichoma kidole gumba,
nikaguna.

Batambuze angenitoa mashindanoni.